Jozi za Kati

Nilimshtaki Fatouma Jumapili ya tatu ya Oktoba, saa kumi kasoro dakika kumi, barazani kwa papa Kasongo. Naitaja saa kwa sababu niliiandika. Wakati ule niliandika kila kitu.

Mezani tulikuwa wanne. Papa Kasongo, mwenye nyumba, ni mkuu wa shule mstaafu. Sadrack ni fundi umeme, kijana wa miaka thelathini ambaye wazazi wake walitoka Isangi. Fatouma anauza vitenge soko kuu. Amezaliwa Kindu, ni Mwislamu, na mume wake ni dereva wa lori kwenye njia ya Bafwasende, kwa hiyo wiki tatu za kila mwezi hayupo nyumbani. Mimi, Viviane, nafundisha takwimu chuo kikuu. Waliniita Prof. Sijafikia cheo hicho, na sikuwahi kuwasahihisha.

Tulicheza poka. Mtoto wa papa Kasongo alimtumia karata kutoka Ubelgiji pamoja na kitabu chembamba cha kanuni, na mzee akatufundisha kama alivyofundisha jiografia, kwa kurudia. Kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo haonyeshi mtu. Kisha karata tatu hufunguliwa mezani kwa mara moja, hiyo ndiyo flopu. Halafu ya nne, halafu ya tano. Za mezani ni za wote, na kila mtu huziunganisha na zake mbili. Karata kubwa tuliziita kwa Kifaransa: asi ndiyo ya juu kabisa, kisha roi, yaani mfalme, kisha dame, yaani malkia, kisha valet. Katika kila hatua watu huweka dau. Dau letu lilikuwa punje za mahindi, maana Fatouma alikubali kuja kwa sharti kwamba fedha isionekane, na mchungaji wa papa Kasongo angesema hivyo hivyo. Tena dau lilikuwa na kipimo: punje mbili hadi flopu, punje nne kwenye karata mbili za mwisho, na kuongeza kusizidi mara tatu kwa hatua. Kwa mchezo wa aina hii huwezi kumtisha mwenzako kwa rundo. Unaweza kumuuliza tu, na swali lina bei inayojulikana.

Papa Kasongo alikuwa na desturi moja zaidi. Mzunguko ukiisha, wote tulifungua karata zetu, hata waliolala. Kulala ni kutupa karata na kuacha; tulilitoa neno hilo katika Kifaransa. "Meza hii ni shule," alisema, "na shuleni hakuna kuficha daftari." Ndiyo sababu niliweza kuweka hesabu.

Nilizipenda hasa jozi za kati, yaani kupewa saba mbili, nane mbili, tisa mbili au kumi mbili. Kabla ya flopu ni mali. Baada ya flopu mara nyingi hujui ulicho nacho. Ukiwa na tisa mbili na mezani ikaja dame, yeyote mwenye dame moja mkononi ameshakupita, na katika karata zote zilizobaki ni mbili tu zinazoweza kukuokoa. Lakini huenda hana dame. Huenda anasema tu. Kanuni yangu ilikuwa hivi: mbele ya mtu mmoja, ikiwa karata kubwa ni moja, ongeza mara moja kwenye flopu, wakati swali bado lina bei ya punje mbili; akikuongezea tena, lala kabla bei haijawa nne. Mbele ya watu wawili, lala bila kuuliza. Kwa kanuni hiyo niliamua sawasawa mara kumi na tisa kati ya thelathini na moja. Kwa jozi za kati, hayo ni matokeo mazuri.

Fatouma hakuwa na kanuni. Mbele yangu na mbele ya papa Kasongo alikosea kama mtu yeyote: sahihi sita katika kumi na moja. Mbele ya Sadrack ni kama hakukosea. Karata kubwa ikija, Sadrack akaongeza, Fatouma ama alilala papo hapo, na Sadrack kweli alikuwa nayo, ama alimrudishia hadi mwisho, na Sadrack hakuwa na kitu. Tangu Januari hali hiyo ilitokea mara kumi na nne. Aliamua sawasawa mara kumi na tatu.

Mwezi wa saba nilimuuliza, nikimwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya Fatouma, unajuaje kwamba hana kitu?"

"Nasikia tu, Prof."

Kwenye safu ya maelezo niliandika neno moja: hisia. Hisia hazifikii kumi na tatu katika kumi na nne. Kuanzia siku hiyo nilitafuta kitu kingine.

Jumapili yenyewe ilianza vizuri. Fatouma alikuwa ametoka kuswali alasiri chumbani kwa mama Françoise, mke wa mzee, na alikuwa anacheka. Alipewa tisa mbili. Hilo tulilijua baadaye, karata zilipofunguliwa. Flopu ikaja dame, nne, mbili. Papa Kasongo akalala. Fatouma akaweka punje mbili.

"Naongeza, mama!" alisema Sadrack, akisukuma nne. "Dame ile iko bibi yangu. Iko ananingoja tangu asubuhi."

Mimi nililala. Fatouma akaongeza tena. Sadrack akafuata, uso umejaa furaha. Ikaja saba, Fatouma akaweka nne, Sadrack akafuata. Ikaja tatu, Fatouma akaweka nne nyingine, na Sadrack akatupa karata zake: asi na kumi. Hakuwa na kitu.

"Bibi yako amekukataa," alisema papa Kasongo.

"Alienda sokoni, tonton. Atarudi."

Mizunguko sita baadaye Fatouma alipewa kumi mbili. Flopu: roi, nane, tatu. Akaweka punje mbili.

"Nabakisi," alisema Sadrack, na kusukuma nne.

"Nalala," alisema Fatouma hata kabla punje hazijatulia.

"Yaya! Unanikimbia?"

Karata zikafunguliwa. Sadrack alikuwa na roi na valet. Fatouma alikuwa ametupa kumi mbili, jozi ambayo mimi nisingeitupa bila kuuliza walau mara moja.

Niliweka daftari mezani, juu ya karata.

"Kuna jambo nataka mlione," nilisema. "Mara mbili za leo ni ya kumi na tano na ya kumi na sita. Nachukua kumi na nne za kwanza tu. Kumi na tatu sahihi. Mtu akibahatisha, matokeo kama hayo huja mara moja katika elfu moja na tisini."

"Prof," alisema Sadrack, "kwa Kiswahili ya kueleweka."

"Anajua karata zako."

"Anajua aje?"

"Ndilo swali langu. Mbele yangu hajui. Mbele ya papa hajui. Labda kuna mtu anamwambia."

"Mutu gani?" alisema Sadrack. Aliangalia kushoto na kulia, akaona tunamwangalia yeye. "Mimi? Donc mimi ninaibiwa punje, na mimi tena ndiye mwizi?" Alicheka. Papa Kasongo naye alianza kucheka.

Jambo lingeweza kuishia hapo. Kicheko kilikuwa kimeshafungua mlango wa kutokea. Lakini hoja ya Sadrack ilikuwa hoja halisi, kwa nini mtu amsaidie anayemshinda, na mimi nilikuwa nimeshaandaa jibu lake tangu mwezi wa nane. Nikalitoa.

"Mtu anaweza kukubali kupoteza punje," nilisema, "kama kuna kitu kingine anachopata."

 Mama Françoise alikuwa amesimama mlangoni na sinia la makemba, ndizi za kukaanga. Hakuliweka chini.

"Viviane," alisema papa Kasongo. Kwa mara ya kwanza hakuniita Prof. "Unasikia unachosema? Huyu ni muke wa mutu."

"Nasema ambacho hesabu inasema, papa."

Fatouma hakupandisha sauti. Alirudisha punje zake kwenye bakuli, kiganja kimoja kimoja, ingawa punje hazikuwa za mtu. "Nilikuambia," alisema. "Mi nasikia tu." Akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akamuaga mama Françoise kwa jina, akatoka kutafuta pikipiki. Sadrack alinyanyuka ili amsindikize, kisha akafikiri, akakaa. Nilikuwa nimempa sababu ya kukaa.

Nyumbani sikujisikia vibaya. Nasema hivi kwa sababu ni kweli. Nilijisikia kama mtu aliyewasilisha kazi ambayo haijakamilika. Nilikuwa nimeonyesha kwamba ishara ipo, lakini sikuwa nimeonyesha ni ishara gani. Katika Jumapili za mwisho nilikuwa nimerekodi meza kwa simu, kwa kuwa mkono wangu haukuweza kufuata kasi ya mchezo, na jioni nilikuwa nikiandika upya kutoka kwenye sauti. Rekodi nyingi nilizifuta kupata nafasi. Zilibaki zenye mikono sita ya aina ile, yaani mizunguko sita, miwili kati yake ya Jumapili hiyo. Jumatatu baada ya darasa nilivaa vifaa vya masikioni nikaanza kutafuta kikohozi, kugonga meza, kuburuta kiti.

Hapakuwa na kikohozi. Nilisikiliza mkono wa kwanza mara tatu, wa pili mara tatu. Katika wa tatu nilisimamisha, nikarudi kwenye wa kwanza, nikachukua karatasi.

Mikono mitatu Sadrack alisema *naongeza*. Hakuwa na kitu. Mikono miwili alisema *nabakisi*. Alikuwa nayo. Maana ni ileile. La pili ni Lingala, na kila mtu katika mji huu huvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kujua mguu upi ulitangulia. Sadrack akidanganya alisema kwa lugha ya meza, maneno mengi, na bibi yake na soko. Akiwa na karata kweli alisema kama kwao Isangi, neno moja, sauti ya chini. Mkono wa sita ndio ule mmoja ambao Fatouma alikosea. Sadrack hakusema chochote. Mdomo wake ulikuwa umejaa makemba, na papa Kasongo anasikika akimwambia ameze kwanza.

Nilifungua daftari. Katika safu ya vitendo, mara zote, kwa mwandiko wangu ulionyooka: S. anaongeza. S. anaongeza. S. anaongeza. Nilikuwa nimetafsiri. Nilikuwa na data nzima mikononi, nikaisafisha hadi ikafa, kwa kuwa nilifundishwa kwamba kitu kimoja kiitwe kwa jina moja.

Na Fatouma alikuwa ameniambia. Nasikia. Mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu, na mimi nilidhani anasema habari za moyo. Alikuwa anasema habari za masikio. Mwanamke yule alinipa jibu kamili na la kweli, nami nikaliandika kwenye safu ya mambo yasiyo na ushahidi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda sokoni. Fatouma alikuwa anakunja kitenge ambacho mteja alikuwa amekifungua na kukiacha. Hakuacha kukunja.

"Yaya Fatouma. Nimekuja kuomba msamaha. Ni *nabakisi*."

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Ilikuchukua miezi mingapi? Na una shule nyingi namna ile." Alilaza kitenge juu ya vingine. "Hapa kila siku iko vile. Mutu akija na Kifaransa, akauliza bei, 'combien, madame,' anapita tu. Akigeukia rafiki yake kwa lugha ya kwao, akasema polepole, basi, huyo ananunua, nampimia. Mama yangu alinifundisha. Haiko uchawi, haiko wizi."

"Nitawaeleza."

"Hapana." Sasa aliniangalia. "Wifi yangu amekuja mara mbili wiki hii. Mara mbili, Prof. Anakaa, anakunywa chai, anauliza huyu Sadrack ni nani, anakaa wapi, ana muke. Bwana yangu anarudi tarehe kumi. Kwa hiyo utaenda Jumapili, utasema mbele yao wote, na mbele ya mama Françoise ile mwenye kupeleka maneno, utasema: nilikosea. Basi. Usiseme ulijuaje."

"Bila sababu hawataamini."

"Wataamini. Walikuamini ulipowaambia mbaya, hawakukuomba sababu ya pili."

"Lakini kwa nini nisiseme?"

"Sadrack. Mutu akijua anasikilizwa mudomo, anaufunga. Ile furaha yake yote iko mudomoni. Unataka umuchukulie na hiyo?"

Nilimwahidi. Nilitamka neno "naahidi", nakumbuka hata kusimama wima nilipolitamka.

Jumapili nilifika kabla ya Sadrack nikamwomba mama Françoise akae nasi. Fatouma hakuwepo, kama tulivyokubaliana. Wote walipokaa nilisema nilikosea, kwamba Fatouma hakuwa na ishara na mtu yeyote, na kwamba neno la mwisho nililolitamka lilikuwa uovu na ninaliomba radhi kwake, kwa Sadrack na kwa nyumba hii.

Papa Kasongo alitikisa kichwa polepole. "Vizuri. Mutu muzima anakubali kosa." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kwa sauti ya mwalimu anayerudisha karatasi ya mtihani: "Kwa hiyo hesabu yako ilikuwa mbaya? Umefundisha takwimu miaka mingapi?"

Mama Françoise aliinamisha uso. Nadhani alitabasamu.

"Hesabu ilikuwa sahihi," nilisema.

"Sahihi aje, na umekosea?"

"Bon, Prof," alisema Sadrack, "sema basi. Mi nimeitwa mwizi na mwizi wa bibi za watu. Nina haki ya kujua."

Alikuwa na haki. Nimeitafakari sana haki hiyo, na ningependa kuandika kwamba ndiyo iliyonifanya niseme. Siyo. Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni kabla hajamaliza sentensi yake. Sikuweza kuvumilia kukaa pale kama mtu asiyejua kuhesabu, hata kwa dakika tano, hata kwa ajili ya mwanamke niliyekuwa nimemvunjia heshima kwa hesabu hizo hizo. Niliwasikilizisha mkono mmoja baada ya mwingine. Nilieleza vizuri. Nilionyesha hata mkono wa makemba.

Papa Kasongo alipiga paja kwa kufurahi. Mama Françoise alisema, "Kumbe ni masikio tu!" na nilijua kwamba kabla ya Jumatatu jioni jina la Fatouma litakuwa limesafishwa katika nyumba nyingi kama zile lilikochafuliwa. Sadrack alicheka pamoja nao. Kisha akaniomba nirudishe mkono wa kwanza. Akajisikiliza akisema bibi yake yuko anamngoja tangu asubuhi, safari hii bila kucheka.

"Kumbe niko vile," alisema.

Tulicheza saa moja. Sadrack aliposukuma punje hakusema neno. Alipotaka kupitisha zamu aligonga meza kwa kidole. Papa Kasongo alimtania mara mbili ili amfungue, akaacha.

Mume wa Fatouma alirudi tarehe kumi. Sijui walizungumza nini, na si haki yangu kujua. Jumapili iliyofuata Fatouma alikuja. Nilifurahi nilipoona kitambaa chake getini, halafu nikaona kwamba hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mkoba mweusi. Fatouma alisema kwa ufupi, "Wifi yangu, mama Aïcha. Atakaa na sisi." Papa Kasongo akaleta kiti. Mama Aïcha alikiweka kando ya meza, akaketi, akapakata mkoba.

Katika mzunguko wa tatu flopu ikaja dame, sita, tano. Fatouma aliweka punje mbili. Sadrack alisukuma nne kwa kidole cha shahada, macho yake yakiwa mezani. Fatouma alimwangalia. Alingoja muda ambao hakuna mtu mezani aliyewahi kungoja, kichwa kimeinama kidogo upande wake, na kutoka kwa Sadrack hakukuja kitu. Akafuata. Akafuata kwenye karata ya nne, akafuata kwenye ya tano. Karata zikafunguliwa: Fatouma nane mbili, Sadrack dame na asi. Sadrack alizikusanya punje bila kumtazama.

"Sasa niko kama nyinyi," alisema Fatouma. Hakulisema kwa ajili yangu hasa, lakini mimi ndiye niliyekuwa nachanganya karata.

Mama Aïcha alikuwa ananiangalia. "Wewe ndiye mwalimu?" aliuliza. "Ule aliyesema?"

"Ndiyo, mama."

"Uliyesema kwanza, ama uliyesema kisha?"

Nilimwambia ni mimi, mara zote mbili.

Alifikiri. Alikuwa mtu makini. Niliona kwamba analipima jibu kama ambavyo mimi ningelipima, bila chuki, shahidi mmoja mwenye kauli mbili. Kisha akanyanyuka kidogo na kusogeza kiti chake, hatua moja tu, hadi mahali ambapo angeweza kuiona mikono yote miwili ya Fatouma.